Mlazaji wa Mashavu

Mji ule haukuwa na jina. Si kwamba jina lilipotea, halikuhitajika. Wakazi wake walisema "hapa," na aliyetoka kwenda mbali akasema "kule kwetu," ikatosha. Ulikuwa na kilima kimoja, na juu ya kilima hospitali. Ulikuwa na soko, na maghala ya chumvi yaliyoachwa zamani, na nyumba za mawe na za mabati zilizoteremka hadi bondeni. Saa katika mji ule zilikwenda kwa hiari yao. Kuna siku adhuhuri ilikuja mara mbili, watu wakala chakula cha mchana mara mbili, na hakuna aliyelalamika.

Na katika mji ule usingizi haukuwa kitu cha kuja na kuondoka kama upepo. Ulikuwa mtu. Kila aliyezaliwa alizaliwa na mtu wake wa kumlaza, nao walimwita Mlazaji. Mlazaji alikuwa na sura ya mwenyewe, akikua naye na kuzeeka naye. Jua likizama alifika mlangoni, akajifuta miguu, akaingia bila hodi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kumwekea mwenyewe kiganja juu ya macho. Basi. Watoto wachanga walimwona, ndiyo maana mtoto wa siku chache huucheka ukuta. Wakubwa hawakumwona tena, kama mtu asivyoiona pua yake mwenyewe ingawa iko mbele ya macho yake maisha yote.

Mashavu binti Kombo alikuwa mkunga wa mji ule. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mikono, mwenye sauti ambayo ikisema "Sukuma!" hata mbuzi wa jirani hujikakamua. Nusu ya watu wa mjini waliuona mwanga kwa kupitia viganja vyake. Kwa sababu watoto wana tabia ya kuchagua usiku, Mashavu aliuzoea usiku kama mkulima anavyolizoea shamba lake. Alijua sauti zake, harufu zake, na ile saa ambayo hata mbwa huona haya kubweka. Hakuwahi kuuogopa. Usiku ulikuwa mahali pa kazi, na mtu haogopi mahali pake pa kazi.

Mumewe, Faki, alikuwa fundi wa cherehani, mtu wa maneno machache, ambaye kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilipinda baada ya kunaswa na gurudumu ujanani. Binti yao pekee, Mize, aliolewa mbali, upande wa pili wa milima. Walibaki wawili katika nyumba yenye vyumba vingi kuliko mahitaji yao, wakiitana Mama Mize na Baba Mize, kama watu wanaomtaja mgeni anayetarajiwa.

Ugonjwa ulianza kama punje ya kunde kwenye titi la kushoto. Mashavu aliigusa akiwa anaoga, akaiacha, akaigusa tena kesho yake, ikawa bado ipo. Mikono iliyojua kusoma tumbo la mwanamke mwingine haikuhitaji kuelezwa. Madaktari wa kilimani walilikata titi, kisha wakamwambia kuwa kukata hakutoshi. Huenda kuna mbegu zilizotangulia kwenda kujificha, na dawa ya kuzifuata ni ya kutiwa mshipani, dozi sita, kila dozi ikipewa nafasi ya kupumua kabla ya nyingine. Dawa ilikuwa nyekundu kama maji ya rosela. Dozi ya kwanza iliondoka na nywele. Ya pili iliondoka na ladha, wali ukawa kama kutafuna msumari. Ya tatu iliondoka na Mlazaji.

Usiku wa kwanza Mashavu hakujali. Alijua kukesha. Usiku wa pili alijigeuza ubavu huu na ubavu ule, akiona shuka lina mikunjo ambayo hakuwahi kuijua. Baada ya hapo siku zikapoteza mipaka. Asubuhi ilikuwa mwendelezo wa jana, jana ilikuwa mwendelezo wa juzi, na maisha yote yakawa siku moja ndefu isiyo na nukta, kama sentensi ya mtu anayesema peke yake. Alikuwa amechoka kiasi cha kutamani kulia, na machozi yenyewe yalikuwa yamechoka.

Majirani walileta walichokuwa nacho. Mmoja alileta maziwa ya moto yaliyokuniwa kungumanga. Mwingine alimwambia aweke ndoo ya maji chini ya kitanda. Wa tatu alimwambia asome dua kwa sauti mpaka ulimi uwe mzito, naye akasoma, na ulimi ukawa mzito kweli, lakini macho yakabaki mepesi. Na pembeni yake, kila usiku, Faki alikoroma. Mkoromo ule ulikuwa wa taratibu, unapanda na kushuka kwa mpango, kama mtu anayekata ubao ambao hauishi. Mashavu alikuwa akimtazama mgongo. Mwanzoni aliuonea wivu mkoromo ule, kisha akauchukia. Alijiuliza inakuwaje mtu alale hivyo, ubavuni kwa mke anayeliwa na kitu kisicho na meno.

Na humo ndani, ambamo hamkuwa na wa kumsikiliza, alijisemea.

Nani yuko macho? Mimi. Mimi yupi? Yule anayeumwa miguu, au yule anayesikia miguu ikiuma? Maana wakiwa wawili, mmoja anaweza kulala na mwingine akabaki. Basi alale mmoja. Nani? Hakuna anayekubali kuwa wa kwanza.

Nilidhani mwili huu una serikali, na serikali ni mimi. Nikisema nyanyuka, mkono unanyanyuka. Kumbe ndani kumeanzishwa mji mwingine. Una watu wake. Wanazaana bila mkunga, usiku na mchana, na hakuna aliyekuja kunigongea mlango aniambie, njoo, fulani ameshikwa na uchungu.

Nikifumba macho, nani atakuwa zamu? Mfalme akilala, nani anatawala? Na asipolala, huo ni utawala au ni ulinzi wa getini tu?

Macho. Yafumbe. Yamefumba. Bado ninaona.

Siku moja, alipokwenda kilimani kupimwa damu, muuguzi wa chumba cha dawa alimtazama usoni akaacha alichokuwa akifanya. Jina lake lilikuwa Perusi, mwanamke mrefu, mwenye mwanya, aliyesema na wagonjwa wote kana kwamba ni wakwe zake.

"Shikamoo mama yangu. Hulali wewe."

"Marahaba. Nalala nikikaa. Nikilala, silali."

"Vile vidonge vidogo vyeupe vya kuzuia kutapika, unavimeza saa ngapi?"

"Nikishakula chakula cha usiku. Ndipo ninapovikumbuka."

Perusi alipiga kofi pajani. "Hivyo ndivyo vinavyokuwashia taa. Vile ni vya asubuhi, mama, pamoja na chai. Nani alikwambia usiku?"

"Hakuna aliyeniambia asubuhi."

"Basi ni kosa letu, na nitalisema." Akavuta kiti akakaa, magoti yao yakagusana. "Na sikiliza. Usijilaze mchana, hata macho yakikupiga. Asubuhi toka utembee juani kidogo, mwili ujifunze tena kuwa kuna mchana na kuna usiku. Na kitanda kikigeuka kikaango, usipigane nacho. Inuka, kaa kwenye kiti, shika hata uzi ufume, mpaka mwili wenyewe uombe kurudi. Dawa ya usingizi ya dukani usiiguse bila kuniambia, niongee kwanza na daktari."

Mashavu aliyafanya yote kwa utiifu wa mtu aliyezoea yeye kutiiwa. Vidonge vikahamia asubuhi, na moto ukapungua. Moyo haukumwenda mbio tena kama cherehani isiyotiwa uzi. Aliponyanyuka kitandani na kukaa kitini, usiku ulipita bila vita. Lakini Mlazaji hakuja. Lilikuwa jambo la ajabu. Taa imezimwa, mlango uko wazi, mgeni haingii.

Dozi ya nne ilipokaribia, Mashavu alimwambia mumewe wakiwa wanakula.

"Baba Mize, mimi kilimani sitakwenda tena."

Faki alimaliza tonge lake. "Sawa," akasema.

"Nimechoka. Wacha yaliyobaki yabaki."

"Sawa, Mama Mize."

Faki alinyanyuka akaenda kunawa, akanawa kwa muda mrefu kuliko mikono miwili inavyohitaji. Na Mashavu akahesabu "sawa" ile pamoja na mkoromo, akaona kuwa ameolewa na gogo.

Kesho yake asubuhi alitoka kutembea kama alivyoagizwa, kilemba kimefunika kichwa kisicho na nywele. Alifika sokoni, mbele ya muuza ndimu, na hapo akamwona mwanamke mfupi, mnene wa mikono, amempa mgongo. Nywele za mwanamke yule zilisukwa twende kilioni, nyuma zimemalizika kwa kifundo kidogo. Mashavu alikijua kifundo kile. Hakuna mtu aliyewahi kuona kisogo chake mwenyewe, lakini mkono hukijua, na mkono wa Mashavu ulikifunga kile kwa miaka. Muuza ndimu alikuwa akimtazama mwanamke yule bila kumwona, akiita wateja walio nyuma yake; huenda macho yaliyokosa kufumbwa siku nyingi huona tena kama ya mtoto mchanga.

Mwanamke akaanza kutembea. Mashavu akamfuata.

Alimfuata akapita kwa wauza vitambaa, akapita uchochoro wa wahunzi, na huko mwanga ukabadilika. Adhuhuri ilikuja, ikaondoka, ikarudi tena kutoka upande mwingine, na mara hii haikuwa adhuhuri ya leo. Mashavu aliona nyumba aliyoijua, ile iliyobomolewa siku nyingi, imesimama na rangi mbichi. Mwanamke alikuwa akipiga kelele ndani. Msichana mwenye mkoba wa ngozi alipita mbio ubavuni kwake bila salamu, akaingia, na Mashavu akasikia sauti yake mwenyewe, ya ujanani, ikitetemeka kidogo: "Usiogope, niko hapa." Akakumbuka. Mtoto yule alikuwa wa kwanza, na aliyekuwa akiogopa alikuwa mkunga.

Barazani kwa nyumba ile mwanamke wa nywele za kusuka alikuwa amekaa, mikono mapajani, akingoja.

Akanyanyuka, akaendelea. Wakapita nyumba nyingine, na nyingine, za miaka yote, na kila nyumba ilikuwa na uchungu ndani na mwanamke yule nje barazani. Kwingine alingoja kwenye mvua. Kwingine alikuwa amejifunika kanga kichwani kwa baridi. Palikuwa na nyumba moja ambayo kelele zilikatika ghafla na hakuna kilichofuata, hata kilio chembamba cha mtoto, na msichana mwenye mkoba alitoka akiwa si msichana tena, akaketi kwenye ngazi ya mlango. Mwanamke wa barazani alimsogelea, akataka kumwekea kiganja machoni. Mashavu yule wa zamani alikataa. Aliuondoa mkono bila kuuona, kama mtu anayefukuza inzi, akainuka akaenda zake.

Mwisho wa njia palikuwa na maghala ya chumvi. Nyuma yake kulikuwa na yadi kubwa, ardhi nyeupe, kuta zimeliwa. Na humo, juani, walikaa Walazaji wote waliokataliwa. Mashavu alizijua sura nyingi, maana alizishika kabla hazijafutwa damu. Palikuwa na Mlazaji wa mama wa watoto pacha, anasinzia wima. Palikuwa na Mlazaji wa mtawala wa mji, kanzu yake ya hariri imechakaa mabegani. Mwenyewe hakumruhusu ndani tangu alipokalia kiti, kwa kuogopa atakayekikalia atakapokuwa amelala. Mashavu alimkumbuka mtawala yule. Alizaliwa akitanguliza miguu, na tangu siku ile alikuwa mgumu wa kuelewana naye.

Mwanamke wa nywele za kusuka aligeuka. Alikuwa na sura ya Mashavu, iliyoshiba.

"Hujambo, Mashavu."

"Sijambo. Ndiwe wewe?"

"Ndimi."

"Umenenepa huku mimi ninakwisha."

"Mimi hubaki na umbo uliloniacha nalo. Kaa, umechoka."

Mashavu hakukaa. Alikuwa na hasira za wiki nyingi na alitaka kuzitoa akiwa amesimama. "Kwa nini umenikimbia? Nimekosa nini? Nimekuita mpaka midomo imekauka!"

"Vile vidonge vilinichelewesha. Ilikuwa kama kumulikwa machoni. Taa ilipozimwa nilikuja. Nilikuja kila usiku, nikafika mlangoni, na wewe ukanizuia."

"Mimi nikuzuie?"

"Uliniuliza swali. Kila usiku lile lile, na mkono wako uko kwenye komeo. Uliniuliza: utanirudisha? Na mimi sikuwahi kuulizwa hivyo. Nilikuwa nakulaza, na wewe ulikuwa unaamka. Nikikosa jibu, ulikuwa unafunga."

Mashavu aliinama. Alitazama chumvi iliyobaki kwenye nyufa za ardhi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo hakuna mzazi hata mmoja wa mji ule aliyewahi kuisikia kwake:

"Naogopa nikilala sitaamka. Wanasema wewe na mauti ni ndugu."

Mlazaji alicheka, akicheka kwa bega kama Mashavu mwenyewe anavyocheka. "Watu wanatufananisha kwa sababu sote wawili tunawakuta wamelala chali. Yule si ndugu yangu. Tunapishana njiani, tunasalimiana. Ufunguo alionao yeye, mimi sina. Na akitaka kuja hanihitaji mimi nimfungulie; huja hata kwa mtu aliyekodoa macho. Hilo nikufundishe mimi? Wewe umekaa naye chumba kimoja mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Ulimzuia kwa kukesha?"

Mashavu aliitazama mikono yake. Waliotoka salama walitoka salama, na waliokwenda walikwenda mkono wao ukiwa mkononi mwake, macho yake wazi, taa inawaka.

"Miaka yote hiyo," Mlazaji akasema, "uliniambia: ngoja kwanza, mtoto atoke. Nikangoja, nilijua kuna mtu anakuja. Sasa unaniambia ngoja, na mimi sijui tunamngoja nani."

Hapo ndipo Mashavu alipokaa. Aliketi chini, kwenye ile ardhi nyeupe, akajiegemeza ukutani. Na alipoketi aliona, karibu yake kabisa, Mlazaji wa mwanamume mzee, amekunja miguu kama mtu aliye mbele ya cherehani. Kidole chake kidogo cha kushoto kilikuwa kimepinda.

"Huyu ni wa nani?" akauliza, ingawa alijua.

"Unamjua."

"Haiwezekani. Faki analala kama gogo. Anakoroma mpaka kuta zinatikisika!"

Mlazaji wa Faki aliinamisha macho kwa haya. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Niko hapa tangu siku ile mliyoteremka kilimani na majibu, Bi Mashavu," akasema. "Nikifika ananiomba radhi. Ananiambia, si leo."

Mashavu aliufunika uso kwa ncha ya kilemba. Kwa mara ya kwanza tangu dozi ya tatu, machozi yalikubali kutoka, tena bila kelele, na Walazaji wote wa yadi ile wakatazama pembeni kwa adabu.

Alirudi nyumbani mchana ukiwa bado mchana. Faki alikuwa kwenye kibanda chake mbele ya nyumba, amefungua tumbo la cherehani la mtu, mafuta mpaka kwenye viwiko. Mashavu alivuta kigoda akakaa mbele yake.

"Baba Mize."

"Naam."

"Mara ya mwisho umelala lini?"

"Mimi? Jana tu. Hukunisikia?"

"Nimekusikia. Nimetoka kumwona Mlazaji wako. Yuko kwenye maghala ya chumvi, amekaa juani kama mtoto aliyefukuzwa shule."

Faki aliweka bisibisi chini. Alikuwa mtu wa kukana mambo kwa kunyamaza, lakini safari hii ukimya haukumtosha. Alijifuta mikono kwenye tambara, kidole baada ya kidole, mpaka akafika kwenye kile kilichopinda, akakishika.

"Na mkoromo?" Mashavu akauliza.

"Nilikuwa nakoroma mwenyewe."

"Kwa nini, mume wangu?"

"Nilisema angalau usikie kuwa ndani ya nyumba hii kuna mtu mmoja asiyeogopa."

Kuku alipita katikati yao, akadonoa kitu karibu na mguu wa Mashavu, akaenda zake. Mashavu alikumbuka usiku aliomtazama mgongo kwa chuki, na mgongo ule, kumbe, ulikuwa ukimtazama yeye.

"Ulikuwa unafanya nini usiku kucha?"

"Nasikiliza pumzi zako. Ninazihesabu."

"Ulikuwa unafika ngapi?"

"Nakosea. Nikikosea naanza upya."

Mashavu alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka begani, na Faki akashtuka, kisha naye akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyesahau kinavyofanywa. Walicheka mpaka jirani akachungulia.

"Na jana uliposema sawa, niache kwenda kilimani. Ilikuwa sawa kweli?"

"Haikuwa sawa hata kidogo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mwili ni wako, maumivu ni yako. Mimi ningekuwa nakuomba uumie ili nisibaki peke yangu." Aliokota bisibisi, akaiweka tena chini. "Nikaona hilo si ombi la kumwomba mtu."

"Niombe."

"Mama Mize…"

"Niombe, Faki. Maisha yangu yote nimeombwa na watu nisiowajua, usiku wa manane, na nilikuwa nakwenda. Wewe hujawahi kuniomba kitu."

Faki alimtazama. "Nenda kilimani," akasema. "Tafadhali. Nikusindikize."

Jioni ile Mashavu aliufungua mlango mwenyewe. Hakuona mtu, maana giza lilikuwa limeingia na wakubwa hawaoni. Alisikia tu miguu ikifutwa kwenye kizingiti, jozi mbili, moja nzito na moja ya kusitasita. "Karibuni," akasema, na hakuuliza kitu.

Kitandani Faki alibaki amekodoa macho kwenye dari. "Basi tulale kwa zamu," akasema. "Lala wewe, mimi nitakulinda. Kisha nikuamshe."

"Hapana."

"Tukilala wote, nani atakuwa macho?"

"Hakuna."

"Na ukiondoka?"

Mashavu alimtafuta mkono gizani akaupata. "Nikiwa wa kuondoka nitaondoka hata ukinishika kope. Nimekesha na watu wengi, mume wangu. Nilidhani nawalinda. Nilikuwa nawashika mkono tu, na hilo ndilo lilikuwa kubwa. Shika, basi. Mkono unaweza kushika hata ukiwa umelala."

Usiku ule Faki alilala kwanza, na Mashavu akajua mara moja, kwa sababu hakukoroma hata kidogo. Yeye mwenyewe alilala kidogo, kipande chembamba cha karibu na alfajiri. Usiku uliofuata hakulala. Aliinuka akakaa kitini na kufuma, bila vita, na alipohisi kiganja kikisita karibu na uso wake hakukiuliza kinakotoka. Kisha alilala kipande kikubwa zaidi. Kisha tena hakulala. Haikuwa kama mlango uliofunguliwa mara moja kwa daima. Ilikuwa kama mtu aliyegombana na rafiki wa utotoni, wanaanza kusalimiana, mmoja anachelewa, mwingine anasubiri. Wakati mwingine lile swali lilimfika mdomoni, akalimeza. Mji ule mwingine, wa ndani, ulikuwa bado upo au haupo, hakuna aliyejua. Mashavu aliacha kuwa askari wake wa getini. Alifikiri juu ya mtawala wa mji na kanzu iliyochakaa ya Mlazaji wake, akamhurumia, maana yeye hakuwa na mtu wa kumshika mkono gizani.

Ikafika asubuhi ya dozi ya nne. Jogoo waliwika. Muuza maziwa akagonga, akagonga tena, akaondoka. Jua lilipanda ukutani, likapita picha ya harusi ya Mize, likafika darini, na katika nyumba ile hakuna kilichotikisika. Saa za mji ziliwahurumia kidogo, zikajivuta. Hazikuweza kujivuta sana.

Waliufikia mlango wa chumba cha dawa wakihema, kilemba cha Mashavu kimekaa upande, vifungo vya shati la Faki vimepishana. Wagonjwa wengine walikuwa wamekwisha kaa kwenye viti vyao, kila mmoja na dripu yake. Perusi alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Mama Mashavu! Nimeangalia njia mpaka shingo imeniuma. Nilikuwa nataka kumtuma mtu aje huko kwenu. Nikasema amegoma, au limetokea la kutokea. Kuna nini?"

Mashavu alimtazama Faki, na Faki akatazama viatu vyake kama kijana aliyefumaniwa.

"Tulilala," Mashavu akasema, akakaa kwenye kiti, akakunja mkono wa gauni, akampa muuguzi mkono wake.